Chumvi Haiondoki na Mvuke

Rafiki niliyekaa naye chumba kimoja chuoni alisomea biashara. Mimi nilisomea uvuvi. Naanza na hilo kwa sababu kwa wiki kadhaa nilijikumbusha kila asubuhi, nikiwa nimechuchumaa mbele ya tangi langu la samaki lisilo na samaki.

Tulinunua matangi yetu madogo siku moja, tukayajaza maji yaliyochujwa na chumvi ya bahari ya pakiti. Hapa Kisumu ziwa liko mlangoni, lakini samaki wa maji ya chumvi tulikuwa tumewaona kwenye simu tu. Nilimweleza kwamba maji mapya ni hatari: kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na lazima waote kwanza bakteria wa kuila. Maji huiva, nikamwambia, kama uji wa kuchachusha. Hayaharakishwi.

Yake yakaiva kwanza. Mjomba wake alimtumia kutoka Mombasa mawe ya tangi la zamani, bado yana unyevu na bakteria wao. Mawe yangu yalikuwa makavu. Kila nikipima, matone ya dawa ya kupimia yaligeuza maji ya kichupa kuwa kijani, na kijani ni sumu. Kichupa chake kilibaki njano. Akanunua samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, akanitumia picha. Nikaikuza nikitafuta uchafu kwenye kioo. Haukuwepo. Nikaandika "Hongera," nikafuta, nikaandika tena, kisha nikahofu atadhani nimenuna, nikaongeza alama ya mshangao.

Jumapili moja nikaenda kwake Mamboleo.

"Omera, ndugu yangu, karibu uone watoto wangu!"

Kwa joto la wiki ile, maji ya tangi yalikuwa yamepungua kidole kizima. Akachota kwenye ndoo ya maji ya chumvi aliyokuwa amekoroga, akajazia hadi kwenye alama.

"Unafanya hivyo kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Hii maji inapungua sana, na chumvi inaenda nayo."

Chumvi haiendi popote. Maji hupanda na mvuke, chumvi hubaki, ndiyo maana tangi hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikafungua mdomo.

"Samaki wako wanapendeza," nikasema.

Njiani nikajitetea. Hakuniomba ushauri. Pengine ana kipimo cha chumvi. Nikimkosoa ataona ni wivu. Na ulikuwa wivu. Siku zilizofuata, kila simu yake ilipoingia niliogopa ni habari ya kifo, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa naingoja.

Siku ya kumi akapiga simu. "Wamelala chini, wanahema. Wewe ndiye ulisomea hii kitu. Kuja haraka."

Nilimkuta na mama yake, anayeuza samaki wa mchuzi sokoni Kombewa na ambaye alikuwa amekuja kumtembelea. Mama akachovya kidole kwenye tangi, akaonja, akakunja uso.

"Hii imekolea. Unaongezanga nini?"

"Maji ya chumvi, Mama."

"Yawa! Mchuzi ikikauka, wewe unaongeza chumvi? Na huyu nilipeleka chuo!" Akacheka, akanyanyua jagi zima la maji ya kunywa, akalielekeza kwenye tangi.

Nikamdaka mkono. "Pole pole, Mama! Ukimwaga yote watashtuka, watakufa. Toa kikombe kimoja, weka kimoja, ngoja. Tutapunguza chumvi kwa siku tatu."

Mama akashusha jagi. "Kumbe unajua."

Rafiki yangu alikuwa amenikazia macho. Nilimwona akihesabu nyuma hadi Jumapili ile.

"Nilijaza mbele yako," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia wanapendeza."

Nilikuwa na sababu tatu, zote nimezipanga. Hakuna hata moja iliyotoka. "Nilikuonea wivu," nikasema.

Mama yake akatutazama kwa zamu. Kisha rafiki yangu akachukua kikombe mezani, akanikabidhi.

"Basi weka wewe."

Nikachota kikombe kimoja, nikakimwaga ndooni, nikaweka kimoja cha maji matupu. Tukakaa sakafuni sote watatu, tukitazama mashavu ya wale samaki yakifunguka na kufungika.