Supu ya Ndimu ya Kapteni Sufuria

Kapteni Sufuria hakuwa kapteni wa chochote. Alikuwa mpishi wa meli, na jina hilo alipewa na majirani waliochoka kusikia Wagiriki wanakula nini. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye meli za mizigo za Wagiriki, akiwapikia mabaharia bilingani za kuoka na nyama ya kusaga, na supu ya kuku yenye mayai na ndimu. Akirudi likizo alikuwa na sheria moja: nchi kavu hapiki. Atakaa kibarazani, miguu juu ya stuli, aletewe. Mkewe akimtania kwamba hata yai hajawahi kuwakaangia wanawe, anajibu, "Kinyozi hajinyoi," na maneno yamekwisha. Mke wa watu akafa bila kuonja mkono wa mumewe.

Sasa amestaafu, na balaa limemkuta pale pale panapomuuma. Homa moja ya juzijuzi tu ilipoondoka, iliondoka na ulimi wake. Ilianza kupotea ladha ya sukari, ikafuata ya chumvi, na daktari akamwambia kilichopotea huenda kikarudi, au na kilichobaki huenda kikapotea chote. Mwingine angeshukuru kwamba macho anayo. Huyu alikasirika. Maana ulimi ndio uliomlisha yeye na nyumba yake, halafu unamkimbia uzeeni kama mpangaji mhuni. Akaapa kwamba kabla haujazimika kabisa atakula chakula cha Kigiriki cha kueleweka, japo mara moja. Hakumwambia mtu. Alimpigia simu binti yake, fundi wa mapazia katika mji mdogo wa pwani ambako alisikia upo mgahawa wa Kigiriki, akasema anakuja kumjulia hali.

Binti, masikini, alifurahi. Baba hajafikisha hata begi ndani, anauliza mgahawa uko wapi.

Ulikuwa nyuma ya maghala ya bandari, meza chache zenye vitambaa vya buluu, na mwenyewe alikuwa mjane wa Mgiriki, mwanamke wa sauti nzito anayepika kwa mkono wake. Supu ikaja. Kapteni akanywa kijiko kimoja.

"Maji haya," akasema.

Bilingani zikaja. Akazitafuna kama anayetafuna gazeti. Jibini ya kondoo akaisukuma pembeni, akasema hiyo ni chaki, wakawafundishie watoto shuleni. Sauti ilikuwa inapanda, na watu wa meza ya jirani walishaanza kugeuka.

"Baba, taratibu. Mimi naona ni tamu."

"Wewe unajua nini?"

Mjane akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mzee wangu, kuna nini?"

"Supu yako haina ndimu."

Mjane akachukua kijiko safi, akaonja mbele yake. "Ndimu imo mpaka meno yanauma."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijakuita kitu. Ila kama unaijua sana, jiko lile pale."

"Nchi kavu sipiki. Kinyozi hajinyoi."

Hapo binti akaweka uma chini. "Kinyozi hajinyoi, baba, lakini wanawe huwanyoa." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kapteni. "Mama alipolazwa hospitali ulikuwa likizo. Tulikula mkate mkavu mpaka akatoka, na mpishi yuko kibarazani. Leo unaniuliza najua nini. Ningejulia wapi? Mimi kila nikimaliza kazi kubwa nakuja hapa, nakula chakula cha huyu mama, nikijiambia hiki ndicho baba alikuwa anawapikia watu. Na wewe unakiita maji."

Mtu akiambiwa ukweli mbele za watu, hasira humpanda mara mbili. Kapteni aliinuka, akaingia jikoni, akamwambia mjane ampishe. Mikono haikuwa imesahau. Akapiga mayai na ndimu, akayamiminia mchuzi wa moto kidogo kidogo ili yasigande, akarudisha yote kwenye sufuria. Akaonja. Hakusikia kitu. Akaongeza ndimu, kisha chumvi. Hakusikia kitu. Akaongeza chumvi tena. Mjane alifungua mdomo, akakaziwa macho, akaufunga. Si anajua, basi aharibu mwenyewe.

Bakuli likaenda mezani. Binti alikuwa amelisubiri bakuli hilo tangu utoto, na alilishika kwa mikono miwili. Akanywa kijiko cha kwanza, akameza kwa shida. Akajaribu cha pili.

"Sema," baba akamwambia.

Angeweza kudanganya. Wengi tungedanganya, tukaenda kutapika nyumbani. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na hasira yake ilikuwa haijapoa.

"Chumvi tupu, baba. Hailiki."

Kapteni akamnyang'anya bakuli, akainywa supu yote kwa pupa. Kilichoshuka kooni kilikuwa moto tu. Akasimama na bakuli tupu, akailaani homa, akamlaani daktari, akazilaani na meli zote.

"Ulimi umekufa," akasema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Ukajua hivyo, ukaja kumtukana mwanamke wa watu jikoni kwake."

"Nilikuja kula," akang'aka.

Binti hakumwonea huruma, na afadhali, maana angemrushia bakuli. Baba alirudi jikoni, akamwaga supu yote, akaosha sufuria, akamwomba mjane mchuzi mwingine. Mjane akampa. Kisha Kapteni akamwita binti yake kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Njoo huku. Simama hapa. Nikikwambia onja, onja, na usinifiche."

Binti akaja, uso bado umevimba kwa hasira, akachukua kijiko. Baba akakamua ndimu.

"Bado," akasema binti.

Akakamua nyingine, macho kwenye mdomo wa mwanawe.

"Bado, baba. Na usinikodolee macho hivyo, siwezi kuonja."