Mpika kashata wa Kariakoo anayeisikiliza sukari

Saa tisa alasiri, Jumapili. Maduka mengi ya Kariakoo yamefungwa, na katika ua wa nyumba ya zamani Mtaa wa Likoma, Hajira Shomari anapitisha kapu la ukindu mbele ya wageni wake. Wazazi wanatumbukiza simu zao humo mmoja mmoja, baadhi yao kwa kusitasita, na watoto wao wanacheka kwa raha isiyofichika.

Mwandishi wa makala haya naye anatakiwa atoe yake. Anajaribu kueleza kuwa simu hiyo ndiyo anayorekodia mahojiano. "Basi andika kwa kalamu, mwanangu," anajibu Bi Hajira, na kapu halisogei. Maneno yote mtakayoyasoma hapa yameandikwa kwa mkono.

Kapu likishafungiwa chumbani, Bi Hajira anakaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa na kuinamisha kichwa upande wa sufuria. Sukari inachemka na kutoa povu. Baba mmoja ameshika mwiko, jasho linamtiririka.

"Bado," anasema Bi Hajira. Dakika inapita. "Bado, we koroga tu." Kisha, kabla ya mtu mwingine kugundua badiliko lolote, anainua mkono. "Haya, mwaga nazi."

Macho ya Bi Hajira, mwenye umri wa miaka 59, yana mtoto wa jicho. La kulia halioni kitu. La kushoto linaona ukungu, na watu ndani yake ni kama nguo zilizoanikwa. Alhamisi hii anatarajiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Likikubali, litafuata la kushoto. Likikataa, atabaki na hilo moja ambalo linazidi kufifia kila mwezi.

"Naogopa," anasema. "Sitaki kujifanya shujaa mbele ya gazeti. Naogopa sana."

Alitoka Lindi akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na kwa miaka 22 sasa amekuwa akiwapikia kashata wauza kahawa wa Kariakoo hadi Msimbazi. Siku nzuri, akishatoa gharama za sukari, nazi na mkaa, anabakiwa na kama shilingi elfu kumi na mbili. Kwa pesa hiyo amesomesha watoto wawili, ambao leo wana maisha yao Mtwara na Mbeya na humpigia simu kila Ijumaa. Hata wao hakuwaambia habari za macho.

Hakumwambia mtu yeyote. Alijifunza kupika kwa masikio, kidogo kidogo, kadiri macho yalivyokuwa yakififia.

"Sukari inasema," anaeleza. "Ikianza kuchemka inapiga kelele nyepesi, haraka haraka. Ikikaribia kushika inakuwa nzito, inavuta pumzi. Ukiiacha ipite hapo, imeungua. Ukiiwahi, kashata inabaki mchanga mtupu. Ni kitambo kidogo tu."

Wa kwanza kumgundua alikuwa Mbaruku, muuza kahawa wa Mtaa wa Sikukuu anayechukua kashata kwake kwa miaka kumi na moja sasa. Siku moja alikutana naye njiani na kwa utani akasimama kimya ampishe. Bi Hajira akampita kama anapita nguzo.

"Nikashtuka," anasema Mbaruku. "Huyu mama hanipiti hivi hivi hata akiwa amenuna. Nikagonga vikombe vyangu, akageuka pale pale, 'Mbaruku, za tangu asubuhi?' Nikajua. Lakini sikusema. Wenzangu wangesikia wangeanza kuuliza kama kashata yake ni salama."

Madarasa ya Jumapili yalianza mwaka jana kwa ajili ya mama mmoja, Violeth, anayefanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alionja kashata kwa Mbaruku, akauliza imepikwa na nani, akaja na mwanawe wa miaka sita, Zakayo, aliyekuwa amechoka kukaa na katuni kila wikiendi. Akawaambia wazazi wenzake. Sasa huja familia nane au tisa, kila moja ikichangia shilingi elfu tano. Watoto wanakuna nazi, wanatwanga iliki, wanasawazisha kashata kwenye trei kwa chupa, na kukata vipande ingali na joto.

Wazazi walilipenda sana lile kapu la simu. Walilisifia kwenye kikundi chao: Bibi amejua tatizo letu, anataka tuwe na watoto wetu hata kwa saa mbili. Bi Hajira aliwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba simu ikiita, yeye haisikii sukari.

Mtu anayefanya biashara Kariakoo, hata hivyo, hana simu moja. Bhargav, ambaye familia yake imeuza vyombo vya jikoni Mtaa wa Aggrey tangu enzi za babu yake, ana ya nyumbani na ya duka. Jumapili moja mwezi uliopita alitumbukiza ya nyumbani kapuni kwa moyo mweupe kabisa, na ya duka akabaki nayo mfukoni.

"Sikuona kama nadanganya," anasema, akiwa bado na aibu. "Ile ya duka kwangu siyo simu, ni kazi. Haikunijia hata kichwani."

Ikaita sukari ilipokuwa inakaribia kushika. Mteja wa Songea alitaka sufuria dazeni kumi. Bhargav akapokea, akashusha sauti, akazungumza kama dakika mbili hivi kwenye kona ya ua. Siku hizo Bi Hajira ndiye aliyekuwa akishika mwiko mwenyewe. Alipomwaga nazi, moshi ukapanda na harufu ya kuungua ikajaa ua mzima.

Komal, binti wa Bhargav mwenye miaka minane, ndiye aliyeuliza. "Bibi, kwani hukuona imekuwa nyeusi?"

Angeweza kusingizia mkaa. Bi Hajira anasema aliufikiria kweli uongo huo, na ulikuwa tayari mdomoni. "Lakini mtoto alinishika mkono akiuliza. Nikamwambia, sijaona, mjukuu wangu. Bibi yako haoni."

Violeth alimvuta Zakayo nyuma, wakaondoka bila kuaga. Leo haoni haya kulisema hilo. "Nilikasirika sana. Mwanangu anasimama karibu na sukari ya moto, kumbe aliyeshika mwiko haoni. Ningekuwa mama gani nisikasirike?"

Bi Hajira naye anamkubalia. Kosa lilikuwa lake, anasema, na angestahili kukimbiwa na wote.

Jumatatu asubuhi, saa wanayoshuka wateja wa mikoani, Bhargav alifunga duka. Wanaoijua Kariakoo wataelewa uzito wa jambo hilo. Alikwenda Likoma kuomba radhi, akamkuta Bi Hajira amekaa mbele ya jiko lisilo na moto.

"Nilimwambia, Mama, mtoto wa jicho anatolewa, twende nikupeleke hospitali. Akakataa katakata."

Bi Hajira alikuwa na sababu. Mama yake, kule Lindi, alipofuka akiwa na umri kama huu wake. Mtu alimtilia dawa ya majani machoni akiahidi kumponya, na kile kidogo alichokuwa anakiona kikatoweka. Bi Hajira ndiye aliyemshika mama yake kichwa ili atulie wakati dawa inatiwa. "Mikono ilikuwa yangu hii," anasema.

Ilichukua wiki mbili na safari tatu za Bhargav kumshawishi akasikilize tu. Daktari alimweleza hatua zote kwa upole, pamoja na uwezekano wa kutofanikiwa. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Bi Hajira akubali. Aliyemtilia mama yake dawa, anakumbuka, hakuwa na shaka yoyote.

Darasa limerudi, kwa masharti ya Violeth, aliyejitokeza tena Jumapili ya tatu. Mwiko unashikwa na mzazi. Watoto wanakaa nyuma ya kamba mpaka sufuria iepuliwe. Bi Hajira anasikiliza na kuamuru. Pembeni yake, nyuma ya kamba, Komal hufumba macho na kunong'ona "sasa", na siku hizi hakosei sana.

Baada ya upasuaji atakaa mbali na moshi kwa wiki kadhaa. Violeth na Bhargav wamegawana siku za kuwapikia wauza kahawa. Trei ya majaribio ya Bhargav ilimeguka yote. Mbaruku anasema wateja wake waliila kwa kijiko na kuuliza kama ni uji mkavu.

Jua linapoanza kushuka nyuma ya maghorofa, wazazi wanachukua simu zao na vifurushi vya kashata. Watoto wanaaga kwa zamu, na Bi Hajira anamjibu kila mmoja kwa jina kabla hajajitambulisha. Kwa muda wote huu hajapata kuona sura ya hata mmoja wao.

Anaulizwa atafanya nini endapo jicho litakubali.

"Jumapili ya kwanza sipiki," anasema. "Nitawakalisha hapa kwenye mkeka niwatazame, mmoja mmoja, mpaka nishibe. Halafu itabidi niwaombe waseme kitu, maana nisipowasikia sitajua nani ni nani."