Ufunguo wa Harusi ya Zuhura

Mpaka leo, harufu ya asumini ikichanganyika na petroli hunirudisha Mambrui, katika kiti cha nyuma cha gari la baba, siku tuliyokuwa tukimpeleka dada yangu Zuhura kwa mumewe. Ilikuwa miaka ya thamanini, na magari pale kwetu yalikuwa machache hata watoto wadogo waliyajua kwa mngurumo. La baba lilikuwa jeupe, kuukuu, viti vyake vimepasuka na kushonwa upya na mama. Baba alilipenda kupita kiasi. Alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba bintiye hatapelekwa kwa gari la kuazima, na sisi wanawe tuliyarudia maneno hayo chuoni, tulikosomea Kurani, kwa kujidai, kana kwamba gari lile tulilitengeneza kwa mikono yetu.

Wiki ile ile ya harusi, ufunguo wa gari ulikatikia mlangoni. Baba alivitoa vipande viwili kwa koleo, akavifunga katika leso ya mkononi, akaketi barazani na fikira zake. Aliyemtoa katika fikira zile ni Bi Kadzo, jirani yetu wa Kigiriama, ambaye shamba lake lilipakana na mji na ambaye mama alimwita dada. Alikuwa amekuja kutuletea nazi za harusi. "Mpelekee kaka yangu Karisa, Malindi," alimwambia baba. "Ana mashine ya kuchonga funguo pale karibu na soko." Nilifuatana na baba siku hiyo. Karisa aliviunganisha vile vipande, akachonga ufunguo mpya, akausugua kwa tupa na kuupuliza vumbi la shaba. Alimwambia baba aujaribu kwenye mlango na kwenye swichi ya kuwashia pia, asingoje siku ya shughuli. Tuliporudi, baba aliujaribu mlangoni. Mlango ukafunguka. Akacheka, akautia ufunguo mfukoni, akaenda kuonja halua.

Alasiri ya harusi tuliingia garini, Zuhura katikati akiwa amefunikwa gubigubi, mama upande mmoja, mimi upande wa pili. Nje wanawake walikuwa wakipiga vigelegele. Upande wa pili wa mji, jamaa za bwana arusi walikuwa wamekwisha kutandika na kufukiza udi. Baba aliketi mbele na kanzu yake mpya, akautia ufunguo, akauzungusha. Haukuzunguka. Akauchomoa, akautazama, akautia tena. Vigelegele viliendelea, kisha vikapungua, kisha vikakoma kabisa, na katika ule ukimya nikasikia ufunguo ukikwaruza ndani ya swichi kama panya kwenye kabati.

Wanaume wakaja na dawa zao. Ami Omari, mdogo wake baba, aliupaka mafuta ya nazi. Mwingine akaleta penseli, akausugua kwa risasi yake. Mwingine akaupindua chini juu. Dereva mmoja wa lori alijaribu kuuchezesha usukani, usukani ukakataa kusogea hata kidogo, akasema gari limejifunga. Baba hakutaka kusikia habari ya gari. "Gari langu halina neno. Ni huu ufunguo!" Jasho lilikuwa limeulowanisha mgongo wa kanzu. Watu walikuwa wameshaanza kuchekea viganjani. Hapo ndipo baba aliposhuka, akauinua ufunguo juu kila mtu auone, akasema kwa sauti ya kufika msikitini, "Kosa ni langu mwenyewe! Mnyika atajua wapi ufunguo wa gari? Mnyika ni wa kuangua nazi!"

Bi Kadzo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na sinia la vitumbua kichwani. Wote tuliomwona tulijua kuwa amesikia. Alilitua sinia polepole juu ya kibaraza, akajifunga leso yake vizuri. Mama aliinamisha kichwa mpaka paji lake likagusa kiti cha mbele. Mimi nilihisi uso wangu unawaka moto. Nilikuwa mtoto, lakini nililijua lile neno la kuwadharau Wagiriama na jamaa zao. Nilijua kuwa halisemwi mbele ya watu, na nilikuwa sijapata kujiuliza kwa nini nyuma yao lilisemwa.

Aliyetuokoa ni Zuhura. "Mama, nishusheni," alisema chini ya shela. "Nitakwenda kwa miguu." Bibi arusi kutembea njiani, machoni pa watu, ilikuwa fedheha isiyo mfano. Lakini wanawake walizivua leso zao za juu, wakazishika pembe kwa pembe, wakamzungushia ukuta wa nguo, na ndani ya ukuta huo dada yangu akatembea mji mzima. Bi Kadzo alikuwa mrefu kuliko wote, akaishika pembe ya mbele. Hakuimba na wenzake. Aliushikilia ukuta ule mpaka mlangoni kwa bwana arusi, akaikung'uta leso yake, akarudi kwake bila kula.

Asubuhi yake nilimkuta baba na Ami Omari wamechutama kando ya gari. Breki ya mkono ilikuwa mbovu, na kwa kawaida baba aliweka jiwe mbele ya gurudumu. Tulipokuwa tukiliosha na kulipamba, gari lilikuwa limeteremka kidogo na kulilalia lile jiwe kwa uzito wake wote, gurudumu limepinda, na usukani uliojifunga ukaibana swichi. Walilisukuma gari nyuma, wakaliondoa jiwe. Baba akaingia, akautia ufunguo wa Karisa, na gari likawaka mara moja, kwa ulaini ambao ufunguo wa zamani haukuwahi kuwa nao. Hakuna aliyeshangilia. Baba aliketi na injini ikinguruma, mikono mapajani, na Ami Omari akajifanya anatafuta kitu mchangani.

Baadaye baba alinichukua tukaenda Malindi. Alisimamisha gari mkabala na meza ya Karisa, asizime injini. Karisa alitutambua, akainua mkono. "Ufunguo umekubali, mzee?"

"Umekubali," baba alisema. Midomo yake ilichezacheza kama anayetaka kuongeza neno. Kisha akatia gea, tukaondoka.

Bi Kadzo hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Mama alikwenda kwake peke yake kuomba radhi, akapokewa kwa heshima, akapewa na maji ya madafu, lakini ule udada ulikwisha. Siku hizi harusi za kwetu zina misururu ya magari ya kukodi, na mabwana na mabibi arusi hutoka Mambrui kwetu, na Ganda na Marafa kwa Wagiriama, wakachanganyika hata usijue nani wa wapi. Lile neno halipazwi sauti tena. Hunong'onwa tu, milango ikishafungwa. Mwaka jana nilimkuta Bi Kadzo hospitalini Malindi, mzee sasa, anasubiri kuitwa. Nilimwamkia shikamoo, nikaketi kando yake. Nilimwambia baba amefariki, na kwamba siku zote aliiona aibu ya siku ile, hata gari lile aliliuza upesi kwa kutotaka kulitazama. Aliniitikia kwa kichwa, akanishika mkono kwa upole kabisa.

"Mungu amrehemu," alisema. "Lakini njia ya kwangu, mwanangu, aliijua."