Mifupa Kwenye Ukuta wa Mashine

Hapa kwetu, karibu na Mwazye, kila mtu anaijua sheria: achafuaye chemchemi hulipa mbuzi, humleta kwa mkono wake mwenyewe, na nyama haionji.

Asubuhi moja tulikuta mifupa ya mtu imechorwa kwa udongo mweupe kwenye ukuta wa mashine ya kusaga.

Imevaa kofia pana kama ya Fabiani, mwenyekiti wa kamati ya maji. Inawagawia watoto maji. Ndani ya ndoo yake anaoga nguruwe.

"Hii noma, mzee," vijana wakaniambia, wakicheka.

Sikucheka. Juma lile tulikuwa tumezika mtoto aliyekufa kwa kuhara, nami, katekista, nimechoka kuongoza sala za makaburini.

Fabiani alikwisha kutoa hukumu: waliochafua chemchemi ni ng'ombe wa Minza, mama aliyehamia kutoka Usukumani. Alipe mbuzi, la sivyo asichote tena.

Sasa akaagiza mchoro ufutwe na mchoraji asakwe, aadhibiwe kwa kumtukana mwenyekiti.

Niliomba nafasi ya kusema. Nikawaeleza kwamba shuleni misheni Padre alituonyesha vibonzo vya magazeti ya Ulaya ya karne ya kumi na tisa: Kifo anasukuma bomba, maskini wamekinga vikombe. Wakubwa walichukizwa na vibonzo, si na maji.

"Mchoro huu unauliza tu," nikasema. "Mbona hauna ng'ombe?"

Vijana wakatangulia kuwatafuta nguruwe.

Tukapanda kilimani, juu ya chemchemi. Nyuma ya mikaratusi tulikuta banda. Fabiani alikuwa amewahamishia huko nguruwe wake kwa siri, wakati wa karantini ya homa ya nguruwe. Mvua ilichimba mfereji kutoka bandani hadi kwenye jicho la chemchemi.

Fabiani akavua kofia.

Jumapili, baada ya Misa, alimleta mbuzi kwa kamba. Minza alipewa paja. Albina, mke wa Fabiani, akachukua ini.

Mumewe akamnong'oneza kwamba sheria inaihusu nyumba nzima.

"Baba Edith, mimi nilikwambia uhamishe banda," alisema Albina, akitafuna taratibu. "Ukanijibu nikapike. Na ule udongo mweupe wa kupaka nyumba ulikuwa umebaki kidogo."

Wasomaji wangu, kabla ya kumsaka aliyechora, tazameni kilichochorwa.

Fabiani alikula ugali wake wa ulezi mkavu, akaumaliza.