Muziki wa Mwalimu Baluku

Juzi mwenzangu kazini alinivalisha spika zake za masikioni, nikasikia mvumo mmoja mrefu, usio na ngoma wala maneno. Alisema ni muziki wa kutuliza akili. Niliona aibu mpaka nikazivua.

Nilikuwa mtoto, huko Kilembe, na mwalimu Baluku alikuwa amepanga chumba kwetu. Alasiri moja ua ulikuwa bado unanuka matope ya mafuriko. Nilisikia mvumo mlangoni kwake, nikachungulia. Alikuwa amelala chali, amefumba macho, simu iko kifuani. Kwangu sauti ile ilikuwa mto wetu Nyamwamba kabisa, unavyovuma kabla ya kufurika.

Nilikimbia jikoni. "Mama, mwalimu iko naita mto!"

Mama hakuniuliza mara mbili. Muda mfupi tu majirani walijaa uani, wakisema kumbe ndiye mchawi aliyeleta mafuriko.

"Ni muziki tu, mama," mwalimu alisema. "Tangu bibi yangu alikufa, bila hii silali."

"Utoke leo," mama alimjibu.

Mwalimu alifunga godoro lake kwenye bodaboda. Kabla ya kuondoka alininyooshea mkono kuniaga, maana hakujua nani alimsema. Nikaupokea, nikamtakia safari njema.