Mguu wa Mwalimu

Siku niliyoripoti kazini katika chuo cha udereva pale Nyakato, Musoma, sikupewa gari wala mwanafunzi. Nilipewa kiti. Mkufunzi Mkuu, mwanajeshi mstaafu aliyekaripia hata alipokusalimia, alinikalisha upande wa kushoto wa gari lililozimwa, akaniamuru nirudishe miguu nyuma mpaka visigino viingie chini ya kiti. Kisha akaenda zake kunywa chai. Nilikaa hapo mpaka jua likapanda na mapaja yakaanza kuwaka moto. Nilikuwa nimeendesha malori ya pamba Bunda kwa miaka mingi, kwa hiyo niliona mzee huyu ananidharau bure.

Aliporudi alininyooshea kidole kwenye pedali ndogo iliyokuwa mbele yangu. Magari ya kufundishia yana breki mbili, moja kwa mwanafunzi aliyeshika usukani, nyingine kwa mwalimu aliye pembeni yake. Hiyo ya pili tuliita breki ya mwalimu.

"Umeiona hiyo?" akauliza.

"Nimeiona, afande."

"Hiyo ni ya kuokoa roho. Si ya kufundishia. Ukiikanyaga wakati hujaona kifo mbele yako, umemwibia mwanafunzi. Ataondoka hapa anajua kwamba gari inasimamaga, lakini hajui nani aliisimamisha."

Ndivyo nilivyofundishwa kufundisha. Kwake yeye mwanafunzi aliruhusiwa kuzima injini mara nyingi kadiri alivyotaka. Aliruhusiwa kugonga mapipa tuliyopanga uwanjani kwa ajili ya mazoezi ya kurudi nyuma. Tulimpeleka mlimani, tukamfundisha balansi, yaani kulishika gari kwenye mwinuko kwa klachi na mafuta, lisirudi nyuma wala lisiruke mbele. Bampa za magari yetu zilikuwa zimebonyea kama masufuria ya msibani, na Mkufunzi Mkuu alizitazama kwa fahari. Alipostaafu nililia, na sioni aibu kulisema.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bunda, chini ya Meneja wa Tawi. Huyu alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, asiyejua kuendesha hata trekta. Yeye alipenda magari yasiyo na mikwaruzo na wanafunzi wanaomaliza upesi. Kila asubuhi alitukusanya akatuambia, "Wakufunzi, mguu kwenye breki muda wote. Sitaki kusikia habari ya gari kugonga." Na njia tuliyopita ilikuwa ile ile ya mtihani, tambarare tupu, kutoka uwanjani hadi lami na kurudi. Wanafunzi waliijua njia hiyo kama wanavyojua njia ya chooni. Ukiwatoa hapo, wamepotea.

Ndipo walipokuja Nyangeta na mdogo wake Wambura. Kwao ni Mwitongo, kule Butiama. Baba yao alikuwa amefariki na kuacha pikapu, na pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha kwa kubeba mihogo na mahindi kupeleka sokoni, na wakati mwingine dagaa kutoka Musoma. Mama yao alichoshwa na madereva wa kukodi, waliorudisha gari bovu na visingizio vizima. Akaamua watoto wake wote wawili wajifunze, wafikie kwa shangazi yao Bunda, na atakayetangulia kupata leseni ndiye ashike usukani.

Wambura alikuwa kijana wa kupendwa. Aliimba besi kwaya ya kanisani, na hata akiwa kwenye usukani aliimba. Nyangeta alikuwa mtu wa kukunja uso na kuuliza. Walipangiwa mkufunzi mwenzangu, mcheshi, hodari wa simu. Mkono mmoja simu, mguu kwenye breki ya mwalimu, na mdomo ukisema, "Safi sana! Hongera!" Wanafunzi walimpenda, na mimi sishangai. Nani asiyependa kuambiwa anaweza?

Siku moja gari alilojifunzia Nyangeta lilisimama katikati ya uwanja, naye akashuka, akaja moja kwa moja ofisini. Mimi na Meneja tulikuwa hapo. Nyuma yake alikuja Wambura akimvuta nguo.

"Shikamooni," akasema. "Meneja, mimi sifundishwi."

"Kivipi, dada? Si unaendesha kila siku?"

"Siendeshi. Gari inasimamaga kabla mguu wangu haujafika. Mwanzoni nilidhani ninajua. Leo nikaamua nisikanyage kabisa, nione. Ikasimama vizuri tu, na mwalimu akanipa hongera."

Wambura akacheka kwa aibu. "Dada, unatutia aibu jamani. Wenzako wanafurahi, wewe unatafuta makosa."

"Wewe nyamaza. Wewe pia hujui kusimamisha gari, ila hujajua kwamba hujui."

Meneja alitabasamu. "Dada, huo ni woga. Presha ya mtihani. Mbona wenzako hawalalamikagi?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia Meneja kwamba anachosema huyu dada ni kweli tupu, tena katika miaka yangu yote sijawahi kumwona mwanafunzi aliyegundua jambo hilo peke yake. Nikaomba nipewe yeye na mdogo wake, niwapeleke milimani japo kwa wiki chache. Meneja alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

"Mzee wangu," akasema, "mambo yenu ya kijeshi yamepitwa na wakati. Hapa wateja wanapita mtihani. Kazi yetu ni hiyo."

Haukupita muda nikaambiwa kwa mdomo kwamba tawi la Butiama linahitaji mtu mzima. Tawi lenyewe lilikuwa gari moja kuukuu na kibanda cha mabati. Nilikwenda. Ndiyo kazi, ukiambiwa hama unahama.

Nyangeta hakuenda kwenye mtihani. Alimwambia mama yake hawezi kuomba leseni ya kitu asichokijua. Wambura alikwenda, akaiendesha polepole ile njia tambarare aliyoizoea, ambako ukiachia mafuta gari linasimama karibu lenyewe, akafaulu bila shida. Askari aliyemtahini alimwona anavyoendesha siku hiyo, mahali hapo, na kwa haki kabisa hakuwa na la kumlaumu. Alipigiwa vigelegele Mwitongo. Mama yao, ambaye watu walimwita Mama Nyangeta kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, alichinja mbuzi, na mbele ya wageni akamwambia binti yake, "Wewe kaa na maswali yako. Mwenzako analeta chakula."

Nyangeta alimwomba mdogo wake asishuke na mzigo mteremko ulio karibu na kwao mpaka kwanza waje kwangu. Alimwomba zaidi ya mara moja, na hilo nililisikia kwa Wambura mwenyewe. Aliponipita barabarani alisimamisha pikapu, akaniamkia, akacheka, "Mwalimu, dada yangu anataka nirudi shule ya chekechea." Nikamwambia njoo, hata kesho, sihitaji chochote. Akasema atakuja mavuno yakipungua.

Mavuno hayakupungua. Alikuwa anashuka na magunia ya mihogo, peke yake, asubuhi njema kabisa isiyo na mvua wala ukungu, na ng'ombe wakavuka. Mtu yeyote anayeendesha Mara anajua ng'ombe watavuka. Unawaona mbali, unashusha gia ili injini ilizuie gari, unaanza breki mapema, kidogo kidogo. Pikapu ilikuwa nzima na breki zilikuwa nzima, nilizikagua mwenyewe baadaye. Mchungaji wa ng'ombe alituambia msibani kwamba dakika ya mwisho alimwona kijana amegeuza uso kutazama kiti cha kushoto, kama mtu anayengoja mwenzake afanye kitu. Kisha akakata usukani kuwakwepa ng'ombe, na gari likabingirika.

Watu waliona ni jambo la ajabu, wakalipeleka kwenye habari za mizimu. Mimi nilielewa. Alikuwa anangoja mguu wa mwalimu.

Na hapa ndipo penye uchungu ambao haujanitoka hata leo. Siku ya tatu ya matanga mama yao alikuwa amekaa mkekani, Nyangeta pembeni anamshikia kikombe cha uji. Mama akakisukuma.

"Ungefanya mtihani," akamwambia, si kwa kelele, "ungekuwa wewe kwenye hilo gari. Woga wako umemzika mwanangu."

Nyangeta akakiweka kikombe chini. Niliona siwezi kuvumilia, nikamsogelea mama nikamweleza yote, mkufunzi na mguu wake, Nyangeta alivyosimama ofisini, Meneja alivyojibu. Nilidhani ninamtetea binti. Mama alinisikiliza huku ananitazama usoni.

"Kwa hiyo alijua," akasema nilipomaliza. "Mwalimu, unaniambia kwamba huyu alijua mwenzake hajui, na akamwacha aende?"

"Nilimwambia, mama," Nyangeta akasema. "Nilimwambia kila siku."

"Ulimwambia. Ungelala mbele ya magurudumu."

Tangu siku hiyo mama huyo hakukubali tena kuitwa Mama Nyangeta. Ukimwita hivyo haitiki. Alitaka aitwe Mama Wambura, na majirani, wakimwonea huruma, wakafuata.

Baada ya arobaini Nyangeta alikuja kibandani kwangu. Pikapu ilikuwa imenyooshwa bodi, na hapakuwa na mwingine wa kuishika. "Mwalimu," akasema, "nifundishe. Lakini niapie kwamba hutakanyaga." Sikuapa. Nilikaa kushoto katika gari la tawi, nikarudisha visigino chini ya kiti, nikamwambia aondoe gari. Alizima, akarudi nyuma mteremkoni mpaka tukaingia kwenye katani, akapiga honi kwa kiwiko, akalia, akawasha tena. Nilimfundisha kusikiliza injini kwa masikio, na kushuka kilima kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kukipanda. Siku aliyosimamisha gari mwenyewe katikati ya ule mteremko, likatulia bila kutingishika, alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili. "Ni hivi tu?" akauliza. "Kumbe ni hivi tu?" Kweli ni hivyo tu, mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa siku chache, na Wambura angeweza kufundishwa.

Nyangeta alipata leseni, na mpaka leo ndiye dereva wa nyumba hiyo. Meneja alipanda cheo, akapelekwa mkoa mwingine. Yule mkufunzi mcheshi aliacha kazi mwenyewe. Nilikutana naye stendi ya Bunda, akanishika mkono muda mrefu. Mimi nilistaafia Butiama hapo hapo, kwa sherehe ndogo ya soda na hotuba mbili.

Sasa vijana mnaoingia kazi hii mnanijia mkiuliza siri ya kumfundisha mtu udereva. Mnayo magari mazuri, mnafundishia hata kwa video. Mimi naona mwalimu ana kazi moja ngumu, nayo ni kukaa bila kufanya kitu wakati mwenzake anakosea, ilmradi kosa haliui. Inauma. Mwanafunzi anakuchukia, bampa inabonyea, mkubwa wako anakuita mzee wa zamani. Na akija mwanafunzi akakwambia humfundishi, msikilize hata kama amekunja uso, maana huyo ameona jambo ambalo wenzake hawajaliona. Hata mkiyashika haya yote, sina uhakika kama yatamfaa yeyote aliyekwisha kuumia. Ukweli nilioupeleka kwenye ule mkeka haukumfaa mtu.

Mama Wambura amezeeka. Chakula anachokula kinaletwa na pikapu, lakini hajawahi kuipanda tangu Nyangeta alipoishika. Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu, na ni mbali kwa miguu ya uzee. Nyangeta humfuata nyuma na gari, gia ya kwanza, polepole, mama asije akaanguka njiani. Mama hageuki, na akifunguliwa mlango huubamiza. Wapita njia wamekwisha kuzoea, wanaamkia wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Jumapili iliyopita nami nilikuwa natoka kanisani, mvua ikanikuta, Nyangeta akanipakia. Mama alikuwa mbele yetu, kitenge kimelowa mpaka mabegani. Ghafla akasimama. Nyangeta akasimamisha gari ubavuni mwake, akainama kunipita, akamfungulia mlango wa upande wangu. Nilisogea kumpa nafasi. Mama alikitazama kiti kwa muda, mvua inamwagika usoni mwake, nami nikasali kimoyomoyo kwa nguvu ambayo sijasali nayo tangu ujana. Akanyoosha mkono, akachukua mwavuli uliokuwa sakafuni, akaufungua. Kisha akaurudisha mlango taratibu na kuendelea na safari yake.

Nyangeta aliingiza gia ya kwanza.

"Umeona, mwalimu?" akaniambia. "Leo hajaubamiza."