Neno la Kwanza Alilofundishwa Maksai

Usiku ule ninaouandika hapa ndio uliowaleta ninyi vijana kiwanjani kwangu, kwa hiyo tulieni msome. Mnakuja Jumapili na pikipiki zenu, mnanung'unika. Huyu bibi ana nini? Mbona tunafundishwa kusimama na kwenda kwenyewe hatujaenda? Mbona tunaburuzishwa gogo? Mbona tunapigiwa "Hoo!" kama ng'ombe? Nawasikia. Masikio yangu hayajazeeka. Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini kuandika naandika, na nimeona niwaandikie mara moja tu, nisirudie maneno kwa kila anayekuja na helmeti mpya kichwani huku hajui breki iko mguu gani.

Kwanza mjue kiwanja kile kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha marehemu mume wangu, Baba Kulwa. Huku kwetu pamba inalimwa kwa maksai, na yeye kazi yake ilikuwa kuwafundisha maksai wachanga. Watu walimletea madume yao makali, yanayorusha teke hata kwa kivuli. Alimfunga maksai mchanga nira moja na mkongwe, na nyuma yao hakufunga plau. Alifunga gogo. Wanaburuza gogo mchangani, hawaharibu shamba la mtu, hawakati miguu yao wenyewe. Na neno la kwanza kuwafundisha halikuwa la kwenda. Lilikuwa "Hoo!", yaani simama. Ng'ombe asiyesimama kwa neno tu, bila kuvutwa kamba, Baba Kulwa hakumtoa kiwanjani hata mwenyewe aje na matusi. Alisema kwenda kila mnyama anazaliwa anakujua.

Alipofariki niliziba mlango wa kiwanja kwa miiba. Gogo likabaki nyuma ya zizi. Nilisema basi, mwenye kazi ameondoka na kazi yake.

Sasa, mchana wa kuamkia usiku ule alikuja Shija. Mnamjua, ndiye mkubwa wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda. Alivua helmeti, akaipakata kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba kiwanja cha mzee. Vijana wanajifunzia barabarani. Mtu anaonyeshwa klachi asubuhi, jioni amepakia abiria. Mimi na wenzangu tutawafundisha Jumapili, hatutaki kitu. Tunachokosa ni mahali."

Nilijua anamsema Masunga, kijana wa jirani yangu, ambaye wakati ule alikuwa amelazwa ndani kwao na mguu wa plasta. Masunga alikua na baiskeli isiyo na breki, kama ninyi nyote. Baiskeli ya hivyo unaisimamisha kwa kandambili, unakandamiza tairi au unaburuza visigino. Basi alipopewa pikipiki, lori lilipotokea kwenye kona, miguu ikakumbuka baiskeli. Akaishusha yote miwili chini. Breki ya mguu ikabaki peke yake, haina mtu. Akaenda nayo mtaroni, yeye na gunia la mahindi.

"Nimekusikia," nikamwambia Shija. "Na mtoto wa mtu akivunjika kiwanjani kwangu, mama yake atakuja kulia mlangoni kwa nani? Kwako au kwangu?"

Shija akaangalia helmeti yake.

"Basi kunywa uji uende."

Akanywa, akaenda. Nikadhani yamekwisha, kumbe Neema yuko nyuma ya mlango. Neema ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Dotto, nakaa naye hapa pamoja na mama yake. Kulwa, yule pacha aliyebaki, alikuwa ametuletea pikipiki kutoka mjini, nyekundu, ili Neema apeleke maziwa njia panda badala ya kuyabeba kichwani. Niliiingiza jikoni ikalala na kuku. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu.

"Bibi," akasema, "hiyo khanga unaifua lini?"

"Siifui."

"Itanuka."

"Itaninukia mimi, si wewe."

Hapo alikuwa bado anacheka. Kisha akaacha kucheka. "Basi sawa. Rafiki yangu ana pikipiki. Kesho alfajiri tunakwenda kwenye lami, magari yakiwa machache. Nitajifunza kama wenzangu walivyojifunza."

"Kama Masunga alivyojifunza."

"Kiwanja umekataa, bibi. Wewe mwenyewe. Sasa unataka nijifunzie wapi, kitandani?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Tukalala kila mtu na hasira yake.

Ndipo nikasikia kengele.

Ilikuwa ile ya shingoni mwa Sijali, maksai wetu mkongwe, aliyekufa hata kabla ya mwenyewe. Nikasema moyoni, nani amefungulia ng'ombe? Nikatoka nje. Kumekucha lakini jua halipo, mwanga unatoka chini, kwenye mchanga. Miiba haipo mlangoni. Baba Kulwa amesimama katikati ya kiwanja, amevaa katambuga zake za tairi, kamba iko begani. Sikushtuka. Niliona tu kwamba amevaa shati lile tulilomzika nalo, nalo limejaa vumbi, nikawaza sasa nani atalifua.

Hakunisalimia. Alikuwa kazini, na kazini hakuwa mtu wa kusalimia.

Pikipiki zilikuwa zimelala kiwanja kizima kama ng'ombe wanaocheua, umande mgongoni. Zinapumua. Anapita katikati yake polepole, anaigusa moja kwa fimbo, inainuka. Anagusa nyingine, inainuka. Anafika kwenye ile nyekundu yetu. Nashika pindo la khanga, ufunguo upo, lakini yeye ufunguo hakuuliza. Anaisimamisha tu, anaileta ubavuni mwa pikipiki nyeusi ya Shija, ile iliyochakaa kiti, anazivika nira moja. Nyuma anafunga mnyororo. Kwenye mnyororo, gogo.

Na vijana wapo. Wengine nawajua, wengine siwajui. Niwaambie kitu: baadhi yenu mlikuwepo. Nilikuwa sijawaona bado kwa macho, lakini mlipokuja Jumapili ya kwanza na kuvua helmeti, nilinyamaza kwa sababu sura nilikwisha kuziona.

Zinatembea. Gogo linachora mchanga. Hakuna anayevuta mafuta, hakuna kelele, ni kengele tu ya Sijali ambaye simwoni.

"Hoo!" anasema Baba Kulwa.

Zinasimama, lakini miguu ya vijana inashuka chini yote, pwaa, kama kuku wanaotua. Anapita anaigonga miguu kwa fimbo, haumizi mtu, anagonga kama anavyobisha mlango wa jamaa.

"Miguu juu."

Zinakwenda tena. Hoo. Miguu juu. Zinakwenda. Hoo. Sijui ni mara ngapi, maana pale hapakuwa na asubuhi wala mchana. Naona tu miguu inaanza kukaa. Inatulia mahali pake mpaka tairi litulie, ndipo mmoja unashuka, taratibu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Kisha mmoja akaanguka.

Alikuwa Masunga, mguu wake hauna plasta. Pikipiki imemlalia, tairi linazunguka hewani. Mimi nakimbia. Nakimbia na sifiki, mchanga unanishika miguu, na Baba Kulwa amenyoosha fimbo mbele yangu kama mtu anayezuia ndama.

"Mwache."

"Atavunjika!"

"Mama Kulwa," anasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ananitazama. "Mwache aangukie nyumbani."

Masunga anajikongoja, anainuka. Meno yamejaa mchanga, anacheka. Vijana wanamsaidia kuinua pikipiki, wanamtania, "Umeonja chumvi?" Naye anatema mate, anapanda tena.

Nikamuuliza mume wangu swali langu, lile nililomuuliza Shija. "Na mama yake akija kulia mlangoni kwangu?"

Ananiangalia sana. Hanijibu. Anageuka, anaigusa pikipiki nyekundu.

"Panda."

Nami nimekwisha panda. Nimekaa upande, kama tunavyokaa wanawake wa umri wangu, dumu la maziwa liko mapajani, la baridi. Mbele yangu ni mgongo wa Neema. Nikitazama chini mchanga unakuwa mweusi. Unakuwa lami. Nira haipo, gogo halipo, pikipiki ya Shija haipo ubavuni. Hakuna kinachotushika. Upepo unaniingia mdomoni, na kengele ya Sijali inalia nyuma yetu, mbali, kila mara mbali zaidi.

Mbele kuna kona. Kwenye kona kuna lori la pamba, marobota yamepita kimo, limechukua barabara yote.

Neema anashusha miguu.

Yote miwili. Naiona kandambili inaburuzika, soli inatoa moshi, na naona kile kipande cha chuma, ile breki, kimekaa peke yake, hakina mguu juu yake. Nataka kumwambia. Nafungua mdomo, sina la kusema, kwa sababu mimi pikipiki siijui. Sijui klachi, sijui gia. Lori limekuwa kubwa kama nyumba. Namshika Neema kiunoni na nafahamu, hapo hapo, yule mama anayelia ni nani. Halii mlangoni kwa mtu. Yuko barabarani, hana hata mlango wa kulilia.

Baba Kulwa yuko kando ya lami, mdogo, amesimama. Hakimbii. Anasema bila kupaza sauti, nami namsikia kama yuko sikioni.

"Neno unalijua."

Nikapiga kelele. "Hoo!"

Nikaamka na neno liko mdomoni. Kuku jikoni wameamka, mbwa wa jirani anabweka. Nje alfajiri imeanza kupauka. Mkono wangu umekamata pindo la khanga, ufunguo umeniachia alama kiganjani. Pua yangu ilikuwa bado na ile harufu ya soli inayoungua.

Mama Neema akaingia na tochi, nywele hazijafungwa. "Mama! Kuna nini? Nani ameingia?"

"Hakuna aliyeingia. Nimeota."

"Umeota nini cha kuamsha kijiji?"

Nyuma yake alisimama Neema. Nikamnyang'anya mama yake tochi, nikammulika kuanzia kichwani. Kitambaa kimefungwa. Sweta limevaliwa. Nikashuka mpaka miguuni. Amevaa kandambili za kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Bibi, jana si nilikwambia?"

"Rafiki yako yuko wapi?"

"Yuko pale barabarani, ananisubiri. Nilikuwa nimeshafika nje ya mlango. Nimesikia umeita Hoo. Sauti kama ya babu. Nikasimama."

"Ulisimama?"

"Nilisimama, bibi. Mguu mmoja ulikuwa hewani."

Mama yake alianza kumgombeza, nikamnyamazisha kwa mkono. Nilikaa kitandani. Nilimtazama yule mtoto, na ile miguu yake, mirefu kama ya Dotto, na nikaelewa kwa nini Baba Kulwa hakunijibu swali langu. Mtoto ataanguka. Hilo sikulizuia kwa miiba, nililihamishia kwenye lami, mahali ambapo hakuna wa kumwokota wala wa kumcheka.

Nikafungua pindo la khanga. Fundo lilikuwa limekaza, nililifungua kwa meno. Ufunguo nikauweka juu ya godoro, mbele yao, wauone.

Neema akanyoosha mkono. Nikaufunika ufunguo na kiganja.

"Bado," nikasema. "Sikilizeni, na sirudii. Neema, nenda kamlete huyo rafiki yako na pikipiki yake, mwambie leo lami hakuna. Mkifika, chukueni panga mwondoe miiba kiwanjani, yote, msiache hata mmoja wa kutoboa tairi. Mama Neema, uji utasubiri, nenda kwa Shija kabla hajatoka, mwambie mama amesema aje Jumapili na ile pikipiki yake nzee. Pitia kwa jirani, mwambie Masunga kiti chake kitakuwa kivulini, atazame mpaka mguu upone. Gogo la babu liko nyuma ya zizi, liviringisheni mpaka katikati. Na katika nyumba hii hakuna atakayepakia mtu, wala dumu la maziwa, wala kuku, mpaka nimpigie 'Hoo!' mimi mwenyewe, naye asimame, miguu ikiwa juu."